Mirabai, mjane aliyekataa ujane

Mirabai alikuwa binti wa ukoo wa kitawala wa Rajasthan, kaskazini magharibi mwa India, aliyeishi katika nusu ya kwanza ya karne ya 16. Anakumbukwa kama mshairi, mwimbaji na mtakatifu wa dini ya Kihindu. Jina lake huandikwa pia Mira au Meera. "Bai" ni neno la heshima linaloongezwa kwenye jina la mwanamke. Nyimbo zinazobeba jina lake huimbwa hadi leo mahekaluni, majumbani, redioni na katika filamu, kwa lugha za Kirajasthani, Kibraj, Kigujarati na Kihindi.

Karibu nyimbo hizo zote zinamlenga mmoja tu: mungu Krishna. Mira hamwimbii kama raia anavyomsifu mfalme, wala kama mtoto anavyomlilia mzazi. Anamwita kama mke anavyomwita mume aliye safarini. Na kwa mujibu wa simulizi zote za maisha yake, kwake huo haukuwa mfano wa kishairi tu. Aliamini kwamba ameolewa na Krishna, akaishi kwa imani hiyo hata pale ilipomgombanisha na wakwe, na mfalme, na mila za ukoo mzima.

Makala hii inaeleza mapenzi hayo yalikuwa ya namna gani, yalimgharimu nini, na kwa nini waliozitunza nyimbo zake kwa karne nyingi si wale waliomzaa wala waliomuoa.

Bhakti ni nini?

Neno la Kisanskriti "bhakti" hutafsiriwa kuwa ibada, lakini mzizi wake una maana ya kushiriki, kuwa na fungu katika jambo. Mwenye bhakti ana fungu lake kwa Mungu, na Mungu ana fungu lake kwake. Kutokana na mzizi huo huo tunapata neno "bhajan", yaani wimbo wa ibada.

Ibada ya namna hii ilipata nguvu kwanza kusini mwa India, kwa watu wa Kitamil, kati ya karne ya 6 na ya 9, kisha ikaenea kuelekea kaskazini. Ilikuwa na mambo mawili yaliyowagusa watu wa kawaida. Kwanza, nyimbo zake zilitungwa kwa lugha ya nyumbani na sokoni, si kwa Kisanskriti cha makuhani. Pili, ilifundisha kwamba moyo wenye mapenzi hauhitaji mtu wa kuusemea mbele ya Mungu. Ndiyo maana miongoni mwa washairi wake wakubwa yumo Kabir, aliyekuwa mfumaji wa nguo, na Ravidas, wa tabaka la watengeneza ngozi, kazi iliyohesabiwa kuwa najisi.

Wanazuoni wa mji wa Vrindavan, walioandika katika zama za Mira mwenyewe, walizipanga njia za kumpenda Mungu katika mafungu matano: mapenzi ya utulivu, ya mtumishi kwa bwana wake, ya rafiki kwa rafiki, ya mzazi kwa mtoto, na ya mwanamke kwa mpenzi wake. Hii ya mwisho waliiweka juu ya zote, kwa kuwa mpenzi hawekezi akiba: anatoa kila alicho nacho bila kuuliza atapata nini.

Kwa nini Krishna?

Kwa Wahindu wengi, Krishna ni Vishnu aliyeshuka duniani kwa umbo la binadamu. Simulizi zinasema alikulia Vrindavan kati ya wafugaji wa ng'ombe. Alipiga filimbi usiku, na wake na mabinti wa wafugaji, wanaoitwa "gopi", waliisikia wakaacha mafiga, maziwa yaliyokuwa jikoni na waume waliolala, wakamfuata msituni. Baadaye aliondoka kwenda mji wa Mathura, kisha Dwarka, na hakurudi tena Vrindavan. Gopi walibaki wakimngoja.

Kungoja huko kuna jina lake: "viraha", yaani uchungu wa kutengana na umpendaye. Katika ushairi wa bhakti, viraha si ishara kwamba Mungu amekosekana. Anayeumia kwa kutengana humkumbuka mpenzi kila saa kuliko yule anayelala naye nyumba moja. Uchungu wenyewe unakuwa ibada.

Jina analolitumia Mira kwa Krishna ni Giridhar, maana yake "mbeba mlima". Linatokana na kisa cha mungu wa mvua, Indra, aliyekasirika akanyesha gharika. Krishna aliunyanyua mlima Govardhan kwa kidole, akaushika kama mwavuli mpaka watu na mifugo wakapona. Mpenzi aliyemchagua Mira ni huyo, mwenye uwezo wa kukinga.

Binti wa Merta

Kwa hesabu inayofuatwa na waandishi wengi, Mira alizaliwa karibu na mwaka 1498 katika kijiji cha Kudki, eneo la Merta. Baba yake, Ratan Singh, alikuwa mtoto wa Rao Duda, mtawala wa Merta, wa ukoo wa Rathore. Hawa walikuwa Warajput, jamii ya wapiganaji iliyotawala sehemu kubwa ya Rajasthan. Inasimuliwa kwamba mama yake alifariki Mira akiwa bado mdogo, akalelewa na babu yake, mcha wa Vishnu aliyependa kuwakaribisha nyumbani watawa wapitao njia.

Kisa cha utotoni kinachojulikana zaidi ni kifupi. Msafara wa harusi ulipita mbele ya nyumba, na Mira akamuuliza mama yake bwana harusi wake yeye ni yupi. Mama, kwa mzaha wa kumtuliza mtoto, alimwonyesha sanamu ndogo ya Krishna. Mama alisahau. Mtoto hakusahau.

Ndoa ya Chittor

Mwaka 1516 Mira aliozwa kwa Bhojraj, mwana wa Rana Sanga, mfalme wa Mewar. Ilikuwa ndoa ya siasa. Bibi harusi wa Kirajput alikuwa kama muhuri wa mkataba kati ya koo mbili, na mwenendo wake katika nyumba aliyoolewa ulikuwa heshima au fedheha ya pande zote. Makao ya Mewar yalikuwa ngome ya Chittor, iliyojengwa juu ya kilima kirefu na kuzungushiwa kuta.

Priyadas, mtawa aliyeandika mwaka 1712 maelezo marefu ya visa vya watakatifu, anasema Mira alizunguka moto wa harusi huku moyo wake ukiwa kwa Giridhar, na alipoulizwa anataka vitu gani vya kwenda navyo kwa mume, aliomba sanamu ile tu. Alipofika Chittor, mama mkwe alimtaka ainamishe kichwa mbele ya mungu wa kike wa ukoo, kama wafanyavyo wake wote wapya. Mira alikataa. Kichwa chake, alisema, kimeshainama kwa Giridhar.

Kwa mtu wa leo hilo linaweza kuonekana jambo dogo la dini ya mtu binafsi. Pale halikuwa dogo. Kumwinamia mungu wa ukoo ndiko kulikomwingiza mke katika ukoo. Aliyekataa alikuwa anasema kwamba yumo ndani ya nyumba lakini si wa nyumba hiyo.

Simulizi nyingi hazimlaumu Bhojraj. Lakini alifariki miaka michache baada ya ndoa. Rana Sanga naye alishindwa mwaka 1527 katika vita vya Khanwa dhidi ya Babur, mwanzilishi wa dola ya Mughal, na akafa mwaka uliofuata. Inasemekana baba yake Mira aliuawa katika vita hivyo hivyo. Ndani ya muda mfupi Mira alipoteza mume, baba mkwe na baba mzazi, watu watatu ambao wangeweza kumsemea.

Kukataa ujane

Mjane wa tabaka la juu katika India ya siku zile alikuwa mtu aliyekwisha kuhukumiwa. Alivunja bangili zake, akafuta rangi nyekundu inayopakwa kwenye njia ya nywele za mwanamke mwenye mume, akavaa nguo isiyo na rangi, na hakutakiwa kuonekana kwenye sherehe kwa kuwa alihesabiwa kuwa na mkosi. Katika koo za watawala wa Kirajput, baadhi ya wajane walijichoma au kuchomwa moto pamoja na maiti ya mume, desturi iitwayo "sati". Mwanamke aliyekufa hivyo aliheshimiwa na ukoo wake vizazi na vizazi.

Simulizi zinasema Mira hakuingia motoni, na hakuvaa ujane. Hoja yake ilikuwa rahisi na haikuwa na jibu: mume wake hafi. Kama mume wa kweli ni Giridhar, basi aliyefariki Chittor hakumwachia Mira ujane wowote.

Hapa ndipo ilipo nguvu ya mapenzi yake, na hatari yake. Mira hakuipinga ndoa. Alichukua maneno yale yale yaliyotumika kumfunga mke, yaani uaminifu, utiifu, mume mmoja mpaka mwisho, akayaelekeza kwa mwingine. Wakwe zake hawakuweza kumwambia kwamba mke mwaminifu ni jambo baya. Waliweza kumwambia tu kwamba Giridhar si mume, na hilo, kwa Wahindu wenye kumwabudu Krishna, lilikuwa gumu kulitamka.

Kikombe cha sumu

Mira alianza kutoka nje ya sehemu ya wanawake. Alikaa na watawa, wanaume wageni wa kila tabaka, akaimba na kucheza mbele ya sanamu akiwa amevaa njuga miguuni. Kwa Warajput, ambao wanawake wao wa kitawala hawakuonwa na mgeni, mjane wa mwana wa mfalme akicheza hadharani ilikuwa aibu isiyovumilika. Wifi yake, anayeitwa Udabai katika simulizi, alitumwa kumwasa. Mira hakugeuka.

Anayetajwa mara nyingi kuwa mtesi wake ni shemeji yake Vikramaditya, aliyetawala Mewar kati ya mwaka 1531 na 1536. Nyimbo na visa vinamwita "Rana" tu, cheo cha wafalme wa Mewar. Inasimuliwa kwamba Rana alimpelekea Mira sumu ikiwa na jina la maji matakatifu yaliyooshea miguu ya Krishna. Mira alijua, lakini hakuweza kukikataa kitu kilichotajiwa jina la mpenzi wake. Akanywa, na sumu haikumdhuru. Kisa kingine kinasema aliletewa kikapu chenye nyoka. Alipokifunua akakuta jiwe takatifu la Vishnu, au, kwa wasimulizi wengine, shada la maua.

Priyadas ana visa viwili zaidi vinavyoonyesha jinsi mapenzi haya yalivyoshukiwa. Katika kimoja, Rana anaambiwa Mira anasikika akizungumza na kucheka na mwanamume chumbani. Anavunja mlango na upanga mkononi, na hamkuti mtu ila Mira na sanamu. Katika kingine, mwanamume mmoja aliyejifanya mtawa anamwambia Mira kwamba Krishna ameagiza alale naye. Mira hapigi kelele. Anatandika kitanda katikati ya mkutano wa watawa, anamkaribisha mbele ya watu wote. Mtu yule anaona haya na kuomba msamaha. Jibu la Mira ni kwamba agizo la Krishna, kama ni lake kweli, halina haja ya giza.

Vrindavan na Dwarka

Baadaye Mira aliiacha Chittor. Alirudi kwanza Merta, kwa jamaa zake, kisha akashika njia ya hija.

Kuondoka huko kunaeleweka vizuri zaidi tukikumbuka Chittor yenyewe inakumbukwa kwa nini. Mwaka 1535 ngome ilipoangukia mikononi mwa Bahadur Shah wa Gujarat, na tena mwaka 1568 ilipotekwa na mfalme Akbar, wanawake wa ngome waliingia motoni kwa pamoja ili wasitekwe. Wasimulizi wa Kirajput wanawaimba kuwa mashujaa. Katika historia hiyo ya wanawake waliokufa kwa ajili ya ngome, Mira ni yule aliyetoka mlangoni kwa miguu yake.

Vrindavan, nchi ya gopi, alikwenda kumwona mwanazuoni mashuhuri Jiv Gosvami; wengine husimulia kwamba alikuwa ami yake, Rupa. Mtawa huyo alituma ujumbe kwamba haonani na wanawake. Mira alimrudishia jibu: alidhani katika Vrindavan mwanamume ni mmoja tu, Krishna, na nafsi nyingine zote ni gopi. Mtawa akatambua kwamba amefundishwa elimu yake mwenyewe, akatoka kumpokea.

Kituo cha mwisho kilikuwa Dwarka, mji wa pwani ya Gujarat ambako Krishna anasemekana kuwa mfalme. Mewar ilipopatwa na misiba, watu waliona ni kwa sababu ya kumdhulumu mtakatifu. Makuhani walitumwa wamrudishe, wakaapa kutokula mpaka akubali. Mira aliomba ruhusa ya kumuaga mungu wake hekaluni. Aliingia ndani na hakutoka. Waumini wanasema sanamu ilimpokea, akawa kitu kimoja na mpenzi wake. Mwaka unaotajwa mara nyingi ni 1546 au 1547.

Nyimbo zinasema nini?

Nyimbo za Mira ni fupi, na zimetungwa ziimbwe, si zisomwe. Kwa kawaida huanza na kiitikio kinachorudiwa na kundi, na mwisho hutajwa majina mawili pamoja, la Mira na la Giridhar. Kutaja jina la mtunzi mwishoni ni desturi ya ushairi huo, lakini kwake hiyo sahihi ni tamko pia: wawili hawa ni wa pamoja.

Mambo machache hujirudia. La kwanza ni usiku wa kungoja: taa inawaka, kitanda kimetandikwa, mpenzi haji. La pili ni mvua. Rajasthan ni nchi kavu, na msimu wa mvua ndio wakati ambapo wasafiri hurejea nyumbani na ardhi hupata uhai. Wingu jeusi, ambalo ni rangi ya Krishna, linaleta furaha na uchungu kwa pamoja. La tatu ni rangi. Mira anasema amechovywa katika rangi ya Giridhar, kama kitambaa kinavyotiwa rangi isiyotoka. La nne ni aibu: anakiri kwamba ameivua heshima ya ukoo na haitafuti tena.

Katika baadhi ya nyimbo Krishna ni mtawa anayezurura, anayekuja mlangoni kisha akaondoka bila kuaga. Katika nyingine Mira anaomba tu awe mtumishi wake. Sauti yake hubadilika: mara ananyenyekea, mara anadai, mara analalamika kwamba amepuuzwa. Ni sauti ya mtu aliye ndani ya mapenzi, na ndiyo maana msikilizaji asiye Mhindu naye huitambua.

Historia na simulizi

Habari za hakika kuhusu Mira ni chache kuliko sifa zake. Maandishi ya ukoo wake hayakumweka mbele. Mmoja wa waandishi wa mwanzo kumtaja ni Nabhadas, katika kitabu chake cha kuwasifu watakatifu kiitwacho Bhaktamal, kilichotungwa karibu na mwaka 1600. Yeye alimlinganisha na gopi na kumsifu kwa kutoogopa. Visa virefu vilikuja na Priyadas, zaidi ya karne moja na nusu baada ya kifo chake.

Baadhi ya visa havikai sawa na tarehe. Inasemekana Akbar alikwenda kumsikiliza akiwa amejibadilisha sura, pamoja na mwanamuziki wake Tansen. Lakini Akbar alizaliwa mwaka 1542. Kama Mira alifariki karibu na 1547, mfalme huyo alikuwa mtoto wa miaka 5. Afisa Mwingereza James Tod, katika kitabu chake cha historia ya Rajasthan kilichotoka kati ya 1829 na 1832, alimfanya Mira kuwa mke wa Rana Kumbha, aliyefariki mwaka 1468, miaka 30 hivi kabla Mira hajazaliwa.

Kadhalika nyimbo. Zilipita mdomo kwa mdomo, na waimbaji waliofuata walitunga nyingine kwa jina lake. Mkusanyo wa Parashuram Chaturvedi uliochapwa mwaka 1932 una nyimbo kama 200, lakini zinazoimbwa vijijini ni nyingi zaidi. Wataalamu wengi siku hizi hulichukulia jina la Mira kuwa la mwanamke mmoja na la jamii nzima ya watu walioimba kwa sauti yake.

Nani aliyezitunza?

Hapa ndipo historia ya Mira inapogeuka. Mtafiti Parita Mukta, katika kitabu chake cha mwaka 1994 kuhusu jamii ya waimbaji wa Mira, aliwakuta walioshika nyimbo hizo Rajasthan na Saurashtra kuwa wakulima, wafumaji na watu wa matabaka ya chini. Walikesha wakiimba kwa zeze la uzi mmoja na kupiga makofi. Kwa Warajput, kinyume chake, jina la Mira lilikuwa tusi kwa mwanamke aliyehesabiwa kuwa mhuni.

Waimbaji wa tabaka la chini walikuwa na sababu yao ya kumpenda. Katika simulizi zao, mwalimu wa kiroho wa Mira ni Ravidas, yule wa watengeneza ngozi. Binti wa mfalme ainame miguuni pa mtu ambaye hakuruhusiwa hata kugusa chombo chake cha maji: kisa hicho kilisema wazi kile ambacho wao wenyewe wasingethubutu kukisema mbele ya bwana wa kijiji. Leo, mbele ya hekalu la Mira katika ngome ya Chittor, pana kibanda kidogo cha mawe chenye alama za nyayo za Ravidas. Chittor na Merta sasa wanajivunia binti yao, wanamfanyia sherehe, na mahujaji hufika.

Uhuru, au bwana mwingine?

Wasomi wa kike nchini India wamejiuliza swali gumu kuhusu Mira. Kumkum Sangari, katika makala ndefu aliyoiandika mwaka 1990, alieleza kwamba Mira anakataa mamlaka ya Rana lakini anajiita mtumishi na mke wa Krishna. Je, ametoka kweli kifungoni, au amebadilisha bwana?

Swali hilo lina uzito. Lugha ya utumishi imo ndani ya nyimbo, na mahubiri mengi yanamtumia Mira kuwafundisha wake unyenyekevu. Lakini upande wa pili una uzito pia. Bwana aliyemchagua Mira hakumfungia mlango, hakumkataza kutembea, hakumwambia akae na nani. Kila alipotii kwa Krishna, matokeo yake duniani yalikuwa kutomtii mwanadamu fulani. Katika karne ya 16 mwanamke hakuwa na mahakama wala sheria ya kukimbilia. Mapenzi kwa Mungu yalikuwa hoja pekee ambayo hata mfalme alipaswa kuiheshimu.

Kwamba hoja hiyo haikuwafaa wanawake wote kunaonekana Vrindavan yenyewe. Mji huo leo unajulikana kwa wajane wake. Maelfu ya wanawake waliofiwa na waume, wengi kutoka Bengal, huishi huko, baadhi wakiwa wametelekezwa na jamaa, na kwa miaka mingi wamekuwa wakiimba bhajan katika nyumba za ibada ili wapate chakula na sarafu chache. Hali yao imefikishwa hata Mahakama Kuu ya juu kabisa ya India. Wengi wao hawakuchagua kwenda. Mira alikwenda kwa hiari yake, na hiyo ndiyo tofauti kati ya hija na kufukuzwa.

Hakuwa peke yake

Kabla yake, Andal, msichana wa Kitamil anayewekwa karne ya 8 au ya 9, alikataa kuolewa na binadamu, na inasemekana alitoweka ndani ya hekalu la Vishnu huko Srirangam. Katika karne ya 12, Akka Mahadevi wa Karnataka alimwacha mtawala aliyemtaka, akatangatanga akiwa amejifunika nywele zake tu, akimwimbia Shiva kuwa ndiye mume. Baada ya Mira, katika karne ya 17, Bahinabai wa Maharashtra alibaki na mumewe aliyempiga kwa sababu ya ibada yake, na ushairi wake unaeleza namna ya kubeba mapenzi mawili katika nyumba moja. Njia zilitofautiana. Mgogoro ulikuwa ule ule: mwili wa mwanamke unadaiwa na nani.

Kutoka hekaluni hadi redioni

Katika karne ya 20 Mira aliingia katika siasa. Mahatma Gandhi alizipenda nyimbo zake, zikawekwa katika kitabu cha nyimbo cha makao yake, na alimtaja Mira kama mfano wa mtu anayepinga dhuluma bila chuki. Mwaka 1925, Madeleine Slade, binti wa afisa mkuu wa jeshi la majini la Uingereza, alipojiunga naye India, Gandhi alimpa jina la Mirabehn, yaani dada Mira.

Mwimbaji M. S. Subbulakshmi aliigiza Mira katika filamu ya Kitamil ya mwaka 1945, iliyotolewa kwa Kihindi mwaka 1947. Mwaka huo huo Gandhi aliomba amwimbie wimbo mmoja wa Mira, naye akaurekodi Madras na kumpelekea. Gandhi alipouawa tarehe 30 Januari 1948, redio ya taifa ya India iliurusha wimbo huo hewani.

Nyimbo hizo zilivuka bahari pia. Dwarka iko Saurashtra, na kutoka Saurashtra na Kutch ndiko zilikotoka familia nyingi za Kigujarati zilizohamia Zanzibar, Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam. Bhajan za Mira zilikuja pamoja na familia hizo, na ni miongoni mwa zinazoimbwa katika mikusanyiko ya Wahindu wa Afrika Mashariki.

Tarehe za kukumbuka

Karibu 1498: Mira azaliwa Kudki, eneo la Merta.
1516: Aolewa na Bhojraj wa Mewar.
1527: Vita vya Khanwa, Rana Sanga ashindwa na Babur.
1531 hadi 1536: Utawala wa Vikramaditya, anayetajwa kuwa mtesi wake.
1535: Chittor yatekwa na Bahadur Shah.
1546 au 1547: Mwaka unaotajwa wa kifo chake Dwarka.
Karibu 1600: Nabhadas amtaja katika Bhaktamal.
1712: Priyadas aandika visa vya maisha yake.
1952: Serikali ya India yatoa stempu ya posta yenye picha yake, katika mfululizo wa watakatifu na washairi.